SOMO: Kifuniko cha kaakaa kwa mtoto ambaye maziwa yanamtokea puani

Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa anaweza kuhangaika na titi siku nzima na bado akalala na njaa. Kinywa chake kimeungana na pua, kwa hiyo hawezi kufyonza. Kifuniko, ambacho wataalamu hukiita obtureta, huziba uwazi huo hadi siku ya upasuaji. Upasuaji wa kaakaa hufanywa mara nyingi mtoto akiwa na miezi 9 hadi 18.

Kwanza, kuchukua alama ya kinywa, yaani kunakili umbo la kaakaa kwa rojo laini. Hapa ndipo penye hatari, na ndiyo maana asijaribu mtu nyumbani. Mama, mlete mtoto tumbo likiwa tupu asije akatapika. Hatumpi dawa ya usingizi. Tunataka alie, maana anayelia anapumua. Mpakate kifudifudi, ili rojo la kuchukulia alama likidondoka litoke nje, lisiende kooni. Mashine ya kufyonzea ute iwe tayari inafanya kazi kabla hatujaanza.

Pili, kutengeneza. Tunamimina plasta ya unga (jasi) ndani ya alama hiyo tupate sanamu ya kinywa, tunajaza nta kwenye mpasuko, kisha tunatengeneza kifuniko cha akriliki, aina ya plastiki ngumu. Kingo husuguliwa ziwe laini kabisa. Tunafunga na uzi imara wa kukivutia kikiteleza.

Tatu, kulisha. Mtoto awe nusu wima, anywe kidogo kidogo, kisha mweke begani acheue, kwani humeza hewa nyingi. Baada ya kila mlo kitoe ukioshe. Usitumie maji ya moto, hukipinda. Mulika kaakaa kwa tochi. Ukiona kidonda, usimvalishe tena, rudi kliniki.

Nawasihi mzingatie hili: kifuniko hakileti nguvu zote za kufyonza. Wengi bado watahitaji maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe na kijiko. Mpimeni uzito mara kwa mara.

MASWALI

*Shikamoo daktari. Wangu amepasuka mdomo tu, kaakaa ni zima. Anahitaji kifuniko?*
Marahaba mama. Hahitaji. Huyo anaweza kunyonya. Ziba mwanya wa mdomo kwa titi lenyewe au kidole gumba.

*Kilimkaa vizuri, sasa kinacheza.*
Anakua. Usikikwangue wala kukipasha moto, tutachukua alama upya.

*Dada yangu ana miaka 24, hakuwahi kupasuliwa, sauti inatokea puani. Amechelewa?*
Hajachelewa. Upasuaji bado unawezekana, na usipofaa hutengenezewa obtureta inayoshikiliwa na meno yake kwa vikono vya waya. Atahitaji pia mtaalamu wa matamshi. Mwambie asing'oe jino lolote kabla hajaonwa.