Kujibu Maswali ya Kanuni katika Mtihani wa LSAT

Tangu Agosti 2024, LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria nchini Marekani, una sehemu mbili za hoja za kimantiki zinazohesabiwa alama, kwa hiyo maswali ya kanuni, yaani yale ya sehemu hizo yanayohusisha kanuni ya jumla na kisa au uamuzi fulani, yanastahili mazoezi ya dhati. Soma kwanza swali lenyewe, ujue kama unatakiwa kuitumia kanuni uliyopewa au kutafuta kanuni inayohalalisha uamuzi fulani.

Kisha ipange kanuni kwa umbo la "ikiwa hivi, basi vile", kwa sababu hapo ndipo watahiniwa wengi huteleza. Tuseme kanuni inasema kwamba anayevunja ahadi bila sababu nzito amekosea. Kanuni hiyo inaweza kuthibitisha kwamba mtu amekosea, lakini haiwezi kamwe kuthibitisha kwamba hakukosea. Jibu linalosema kwamba fulani hana kosa kwa kuwa alikuwa na sababu nzito linavutia sana, nalo si sahihi, maana huenda alikosea kwa njia nyingine.

Unapotafuta kanuni ya kuhalalisha uamuzi, kanuni pana haina ubaya, mradi masharti yake yote yatimizwe na mambo yaliyotajwa katika hoja na hitimisho lake liufikie uamuzi wenyewe.