Kimbunga kimewatoa kwenye nyumba, sasa mhamie wapi? Kwa familia zetu zilizoko Marekani

Poleni sana kwanza. Nawaandikia familia zetu za Texas, Louisiana, Florida, Georgia mpaka kule Carolina, ambazo msimu wa vimbunga (1 Juni hadi 30 Novemba) umezikumba na nyumba hairudiki leo wala kesho. Najua simu hazikatiki, huyu anasema njooni Dallas, yule anasema njooni Minneapolis kazi zipo, mwingine anasema rudini nyumbani kabisa, na nyinyi mko hotelini na watoto mnabishana usiku kwa sauti ya chini ili wasisikie. Shikeni hili: mtalala wapi mwezi huu ni swali moja na mtaishi wapi ni swali lingine kabisa. La kwanza lijibuni leo. La pili lipeni muda, na katika huo muda msisaini mkataba wa miezi 12 mahali popote hata kama pamewapendeza, tafuteni nyumba ya mwezi kwa mwezi hata kama kodi iko juu kidogo.

Popote mlipo, fungueni ombi FEMA, shirika la serikali kuu linalosaidia waliopatwa na maafa, msisubiri mpaka muwe mmeamua. Ni disasterassistance.gov au simu 1-800-621-3362, unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bure. Dirisha kwa kawaida ni siku 60 tangu eneo lenu litangazwe kuwa la maafa. Wengi wanadhani ukihama jimbo umepoteza haki, sio kweli, pesa ya kodi unaweza kupanga nayo nyumba jimbo lingine, na kuna pesa ya kujishikiza mwanzoni hata kama mmelala kwa ndugu. Mkiwa na bima lazima muwapelekee barua ya bima inayosema imelipa nini na imekataa nini, kwa sababu FEMA hailipi kitu ambacho bima imeshalipa. Na barua ya kwanza ikisema hamstahili msikate tamaa, mara nyingi ni karatasi moja tu imekosekana, mna siku 60 za kukata rufaa.

Sasa karatasi za uhamiaji, hapa ndipo watu wetu wanaogopa na wanakaa kimya. Msaada wa pesa ni kwa raia, wenye grini kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Mwanafunzi wa F-1, mfanyakazi wa H-1B, au mama aliyekuja na viza ya kutembea kulea wajukuu, hao pesa hawapati. Lakini ndani ya nyumba akiwepo mtoto mmoja aliyezaliwa Marekani mzazi anaweza kuomba kwa niaba yake kwa namba ya Social Security ya huyo mtoto. Kituo cha kulala, chakula, maji na ushauri nasaha wa dharura haviulizi karatasi. Ila kumbukeni FEMA iko chini ya wizara ileile inayosimamia uhamiaji, kwa hiyo kama kuna mtu nyumbani hana karatasi, ongeeni kwanza na wakili wa uhamiaji, baada ya maafa huwa kuna mawakili wa bure.

Haya, swali la pili. Watu wengi wanakimbilia kwa kuangalia mji upi una jamaa zao na mji upi haujawahi kupigwa. Hilo la pili lina mtego. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipovunja kuta za kuzuia maji New Orleans karibu asilimia 80 ya mji ilifunikwa, watu zaidi ya milioni moja wakatawanyika na wengi sana wakapelekwa Houston. Miaka 12 baadaye, Agosti 2017, Harvey ikamwaga mvua juu ya hiyohiyo Houston siku kwa siku, na mtu aliyekimbia maji akayakuta tena mlangoni. Asheville kule North Carolina iko milimani, mbali kabisa na bahari, watu walikuwa wanaisifia kwamba ni mahali pa kukimbilia, Septemba 2024 Helene ikafika, mito ikabeba nyumba na mji ukakaa karibu miezi miwili bila maji ya bomba ya kunywa. Kwa hiyo msichague jimbo, chagueni anwani. Kabla ya kulipa chochote ingizeni anwani kwenye ramani ya mafuriko ya FEMA, msc.fema.gov. Alama ya eneo lenu kwenye ramani ikianza na herufi A au V ni eneo la hatari kubwa, maana yake angalau uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, inaonekana ndogo lakini ukichukua mkopo wa nyumba wa miaka 30 inafika kama asilimia 26. Na muulizeni jirani, ramani nyingine ni za zamani, jirani anajua maji yalifika wapi.

Kwa familia zetu nyingi mimi naona kitu kinachoamua ni laiseni ya kazi, kuliko hata kodi, maana wengi wetu tuko kwenye afya. Nesi wa RN au LPN mwenye laiseni ya majimbo mengi, ile inayotokana na mkataba kati ya majimbo, anaweza kutoka Florida akaingia Texas, Georgia, Louisiana au North Carolina akaanza kazi, halafu akihamia moja kwa moja ana siku 60 za kuomba laiseni ya jimbo jipya. Lakini Minnesota, ambako Wakenya wamejaa na kila mtu anawaambia njooni, haimo kwenye huo mkataba wa majimbo, California haimo, mtasubiri laiseni mpya na huku bili zinakimbia. CNA, yaani msaidizi wa nesi, ndo kabisa, mkataba huo haumhusu, kila jimbo lina rejista yake, unaomba kuhamishiwa jina na masharti hayafanani, kwa hiyo pigeni simu kwenye rejista ya jimbo mnalolitaka kabla ya kupakia gari. Wa H-1B asihame mji bila kuongea na mwajiri, kwa kawaida akienda kufanyia kazi nje ya eneo lililoandikwa kwenye ombi lake lazima ombi lirekebishwe. Mwanafunzi aanze na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo haihami na nyinyi, mnaomba upya mkifika, na majimbo hayalingani. Texas, Florida na Georgia hazijaipanua kama majimbo mengi yalivyofanya, mtu mzima mwenye kipato kidogo anaweza kukosa kabisa. Kama kuna mwenye dialisisi, kisukari au mimba, hili liwekeni juu ya mengine yote.

Watoto wana haki ambayo shule nyingine zinajisahaulisha. Sheria ya McKinney-Vento inasema mtoto aliyepoteza makazi, hata kama mmebanana kwa shangazi, anaandikishwa siku hiyohiyo bila cheti cha chanjo wala uthibitisho wa anwani, chakula cha shule anapewa bure. Ulizeni kwa hilo jina. Lakini jamani msimhamishe shule mara mbili ndani ya muhula mmoja kama mnaweza kukwepa.

Kukaa kwa ndugu ni baraka, tena kubwa, ila wekeni tarehe ya kuondoka tangu siku ya kwanza na changieni umeme na chakula hata kama wanakataa, na muulizeni kama mkataba wake unaruhusu wageni wa muda mrefu, wasije wakafukuzwa wote kwa ajili yenu.

Nyumba mliyoacha nayo inawafuata. Kama mlipanga, someni mkataba unasemaje nyumba isipokalika, mpeni mwenye nyumba notisi kwa maandishi na mpige picha kila chumba. Kama ni mogeji, yaani mkopo wa nyumba, benki bado inadai hata paa likiwa limeruka, wapigieni muombe kusimamishiwa malipo kabla hamjakosa hata moja.

Mkihama, hata kwa muda, badilisheni anwani. Asiye raia anawaarifu USCIS, idara ya uhamiaji, kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10, na mwenye kesi mahakama ya uhamiaji ni siku 5 za kazi kwa fomu EOIR-33, maana barua ya mahakama ikienda kwenye nyumba iliyozama na wewe usitokee, unaweza kuamriwa kuondoka nchini bila hata kusikilizwa. Mkishapata nyumba mpya, kateni bima ya mafuriko wiki hiyohiyo, bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, hata mpangaji anaweza kukata ya vitu vyake mpaka dola 100,000, na kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30.