Harusi kwa filamu: uchukue 35mm au 120?

Umeshasema ndiyo, basi. Dada yake rafiki yako anaolewa, kaona picha za filamu mtandaoni na yeye anataka zake zitoke hivyo hivyo, na wewe una kamera moja ya mjomba iliyokaa kabatini miaka, na hamu ya kutosha. Sasa kabla hujaanza kuzunguka unauliza kamera ya Hasselblad inapatikana wapi, omba ratiba ya harusi kwanza. Saizi ya filamu unaichagua kwa kuangalia ratiba saa kwa saa, mwanga uko wapi, watu wanakimbia au wamekaa. Ile picha kali uliyoiona kwenye simu haikusaidii hapo, hujui aliyeipiga alipewa dakika ngapi.

Nachukulia harusi ya kanisani hapa Dar maana ndo nilizozizoea. Asubuhi bibi harusi anapambwa, kakaa kwenye kiti karibu na dirisha, hapo una nafasi, hata kamera ya mwendo wa kobe itatosha. Saa nane kanisani, madirisha yako juu, chini kigizagiza, pete inavishwa mara moja tu na padri hakusubiri. Kumi na nusu mnakimbilia ufukweni au bustani fulani, na huku kwetu jua likianza kushuka linashuka wima kama limeachiwa, huo mwanga laini wa jioni unaosifiwa sana unaupata nusu saa hivi, na nusu ya hiyo nusu mko foleni ya Mwenge. Halafu ukumbini. Kadi imeandika saa kumi na mbili, maharusi wanaingia saa mbili na nusu wakicheza, taa za zambarau, moshi wa mashine, MC anapiga kelele, shangazi wanarusha kanga, na hapo ndo kuna picha zote ambazo familia watakuja kuzidai.

Yaani siku moja ina kazi nne tofauti, na hakuna saizi moja inayoziweza zote vizuri sawasawa.

Tuanze na 35mm, kile kikopo kidogo ambacho kila aliyekua kabla ya simu janja anakijua. Mkanda mmoja picha 36, kila fremu milimita 24 kwa 36. Kamera zake nyepesi, lenzi zake zinaingiza mwanga mwingi, na ukipata zile za mwishoni mwishoni kabla digitali haijafunika kila kitu, kama Canon EOS 3 ya 1998 au Nikon F100 ya 1999, zinajifokasi zenyewe, zinavuta mkanda zenyewe na ukiisha zinaurudisha zenyewe. F100 inatumia betri nne za AA ambazo unazipata kwa Mangi hata saa nne usiku, usidharau hilo, kuna kamera nzuri kabisa zinataka betri ambayo mji mzima utaitafuta siku mbili. Nikon FM2 ya 1982 nayo naipenda, shata yake, kile kipazia kinachofungua na kufunga mwanga, haihitaji betri kabisa, lakini kufokasi kwa mkono mtu anayeingia ukumbini na sebene, sikushauri kama ndo harusi yako ya kwanza.

Na hapa nikiri jambo. Harusi ya binamu yangu Morogoro, nina kamera ya kusokota kwa mkono, nikapakia mkanda huku natembea, ncha haikushika kwenye rola. Nikapiga maandamano ya kuingia, viapo, pete, kusaini cheti. Kaunta ikafika 36, 37, nikasema leo nimebahatika mkanda mrefu, 38, 39, ikafika 40 jasho likaanza kunitoka. Nilipofungua mgongo wa kamera mkanda umetulia ndani ya kikopo chake kama mtu ambaye hakualikwa. Mama mdogo mpaka leo akiniona na kamera anauliza, "Na hiyo ina filamu?"

Kwa hiyo ukishapakia mkanda wa 35mm, zungusha taratibu kile kitufe cha kurudishia, cha juu kushoto, mpaka ukisikie kimekaza, halafu kila ukisokota kitazame. Kikizunguka filamu inatembea. Kisipozunguka simama hapo hapo, hata kama bibi harusi yuko katikati ya kanisa.

120 sasa. Hii ni filamu pana isiyo na kikopo, imeviringishwa pamoja na karatasi, Kodak waliitoa 1901 na mpaka leo inatengenezwa. Filamu ni ile ile moja, kamera ndo inaamua vipande viwe vya ukubwa gani. Kamera za 645 zinakupa picha 15 au 16 kwa mkanda, eneo la kila fremu ni karibu mara 2.7 ya 35mm. Za 6x6, zile za mraba, picha 12 na eneo mara 3.6 hivi. Za 6x7 picha 10 tu, eneo kama mara nne na nusu. Kadiri fremu inavyokuwa kubwa ndivyo punje zinavyopungua kuonekana na ngozi inavyotoka laini, ule utulivu kwenye picha ambao watu wanauona wakashindwa kuueleza unatoka hapo.

Ila piga hesabu. Tuseme unataka picha 360 siku nzima, ambazo kwa mtu wa digitali ni za asubuhi tu. Kwa 35mm hiyo ni mikanda 10. Kwa 645 ya picha 16 ni 23. Kwa 6x6 ni 30, na kwa 6x7 ni mikanda 36, maana yake mara 36 unatoa mmoja, unalamba ile gundi ya karatasi, unaufunga, unaweka mwingine, unapanga alama ya mshale, unafunga, unasokota mpaka namba 1. Mi nikiwa sina haraka natumia kama dakika moja na nusu. Ukumbini dakika moja na nusu keki imeshakatwa, imeshalishwa, na wazazi wa pande zote mbili wameshaitwa mbele. Gharama sijaiongelea hapo, maana kila mkanda una bei ya kununua, ya kusafisha na ya kuskani, wewe zidisha mwenyewe na ukae chini kwanza.

Halafu lenzi. Lenzi ya 50mm f/1.4 ya 35mm ni ya kawaida kabisa, sio ghali, na namba ya f ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi. Lenzi ya kawaida ya Mamiya RB67, kamera ya 6x7, ni 90mm f/3.8. Tofauti hiyo kwa mwanga unaoingia ni karibu mara saba, kwa hiyo pale 35mm inaponasa mtu anacheza, RB67 inanasa ukungu wenye suti. Na yenyewe na lenzi yake ina kilo 2 na zaidi, karibu 3, jaribu kuishika juu ya vichwa vya watu wanaotunza maharusi uone. Ni kamera tamu mno, mimi ningeipeleka harusini kwa kazi moja tu, picha ya ukoo mzima kwenye ngazi za kanisa, ikiwa imekaa kwenye stendi.

Watu wengi wakisikia harusi na filamu wanataja Contax 645, na wana haki, inajifokasi yenyewe na ile Zeiss yake ya 80mm f/2 inayeyusha nyuma ya bibi harusi mpaka miti inakuwa kama maziwa. Mi nasitasita. Ilitoka 1999, utengenezaji ulikoma 2005, ndani imejaa umeme, siku ikigoma huku kwetu fundi wake utamtafuta na tochi. Na ile f/2 kwa karibu inafokasi jicho moja tu, jicho la pili limeshaanza kufifia, mtu akipumua umemkosa.

Chaguo langu la 120 ni 6x6 ya zamani isiyo na mambo mengi, Hasselblad 500C/M ukiweza, Yashica Mat ukiwa na mfuko kama wangu. Sababu ya kwanza ni shata. Kwenye hizi shata iko ndani ya lenzi, kwa hiyo flashi inakubaliana nayo kwa spidi yoyote mpaka 1/500 ya sekunde. Pentax 67, nayo ya 6x7, flashi inakubali mwisho 1/30. Ukiwa ufukweni jua bado kali na unataka flashi ijaze kivuli machoni, hapo ndo utaelewa kwanini nalisema. Sababu ya pili ni wazee. Weka bibi na babu kwenye kiti, wewe umeinama unachungulia kwa juu, kamera iko tumboni haijakuziba uso, wanakutazama wewe na mnaongea. Hawakazi midomo kama wanavyofanya wakielekezewa simu. Picha ya mraba ya bibi yangu amekaa hivyo ndo picha pekee ya harusi iliyotundikwa ukutani.

Kitu cha mwanga kinawaangusha wengi kwenye saizi zote. Gauni jeupe linaidanganya mita ya kamera, kile kipimo chake cha mwanga, inadhani eneo zima linawaka, inabana, na uso wa bibi harusi wa rangi yetu unatoka kama usiku. Sogea, jaza kamera na uso peke yake, pima hapo, au shika mita ya mkononi karibu na shavu. 500C/M haina mita kabisa kwa hiyo ya mkononi utaihitaji tu. Filamu ya rangi ya negativu kama Portra 400 haiogopi mwanga kuzidi, mi naipiga kama vile ni 200 (hizo namba ni wepesi wa filamu kudaka mwanga) na gauni bado lina mikunjo yake yote. Ikipungukiwa ndo balaa, vivuli vinakuwa tope la kijani. Ukumbini natia Portra 800 na flashi, au HP5 nyeusi na nyeupe naisukuma mpaka 1600, yaani naipiga kama ni ya 1600 halafu inasafishwa kwa muda mrefu zaidi, na hiyo ya pili ndo ninayoipenda zaidi kwa sababu taa za zambarau za dijei hazina cha kuharibu. Zote hizi zipo kwa 35mm na kwa 120, kwa hiyo tumia aina ile ile kwenye kamera zote mbili, albamu isije ikaonekana imepigwa na watu wawili waliogombana.

Ukienda harusi za Kiislamu, Zanzibar, Tanga, Mombasa, ratiba inageuka. Akdi msikitini ni fupi na kimya, Pentax 67 ikifyatua kile kioo chake safu nzima itageuka, chukua 35mm yenye sauti ndogo, kaa pembeni, piga picha kumi na tano uondoke. Upande wa wanawake mi mwanaume siingii na wala siombi. Dada zangu wanaopiga huko wanasema swali la kwanza wanaloulizwa ni nani atakayezisafisha hizo picha, na ni swali la haki, filamu haifutiki kwa kidole na inapita mikononi mwa watu wa studio. Mmoja amelitatua kwa kupiga nyeusi na nyeupe tupu na kusafisha mwenyewe bafuni kwake. Nyeusi na nyeupe inataka dawa ya nyuzi 20, maji ya bomba ya pwani yanatoka ya vuguvugu, kwa hiyo ana ndoo ya barafu pembeni. Ya rangi, C-41, inataka 38, huko joto letu angalau linasaidia kidogo.

Sasa uamuzi. Kama una kamera moja tu iwe 35mm, usione aibu. Uliza pia picha zitaishia wapi, kama ni albamu ya kawaida na status ya WhatsApp hakuna atakayeona tofauti, 120 inaonekana ikichapwa kubwa ya ukutani, sentimita 50 kwa 60 hivi. Kama unaweza mbili, 35mm ya kujifokasi ibebe kanisa na ukumbi, mikanda nane mpaka kumi, na 6x6 itoke kwa bibi harusi dirishani, wazee, na ile nusu saa ya jioni, mikanda minne au mitano inatosha. Instax, ile kamera inayotoa picha papo hapo, mpe dogo azungushe mezani kwa wageni, wanaondoka na picha yao na wewe wanakuacha ufanye kazi. Na 35mm ya pili ya akiba iwepo kwenye begi, hata ya bei rahisi, yenye mkanda tayari ndani.

Kamera ukiinunua huku pwani mulika lenzi na tochi uangalie fangasi, zile nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, na gusa sponji za mlango wa nyuma, joto likizipiga zinageuka lami na mwanga unavuja. Wiki mbili kabla piga mkanda mmoja mzima, usafishe, uutazame. Mikanda ikae kwenye friji, itoe usiku wa kuamkia harusi ikiwa bado kwenye pakiti zake, ukifungua ya baridi inatoa jasho. Ukisafiri kwa ndege omba waikague kwa mkono, zile mashine mpya za CT za kukagulia mizigo zinaiharibu.

Siku yenyewe andika namba kwa kalamu kwenye kila mkanda uliokwisha, K1, K2 za kanisani, U1, U2 za ukumbini, ziingie mfuko wenye zipu ambao hauko kwenye begi la kamera. Jumatatu usipeleke yote kusafishwa. Mi napeleka K1, K3 na U2, nasubiri nizione, ndo nafuatisha zilizobaki, na kwenye karatasi ya oda naandika kwa herufi kubwa ipi imesukumwa 1600, maana ukimwambia jamaa wa kaunta kwa mdomo anasema sawa, alafu anaenda kula.