Jinsi ninavyochonga na kuchapa sura ya mwigizaji wa kabuki kwenye ubao, hatua kwa hatua

Leo tunachonga Edobei, yule jamaa wa Kijapani mwenye macho yaliyokimbilia puani, mdomo umepinda kwa chini na vidole vimechanuka kifuani kama anataka kukukwapua pochi. Na ndo kazi yake kweli, kwenye mchezo wa kabuki, yale maigizo ya jadi ya Kijapani, Edobei ni mtumishi katumwa kupora hela. Aliyemwigiza ni Otani Oniji III, ukumbi wa maigizo wa Kawarazaki pale Edo (Tokyo ya leo), mwaka 1794, na aliyemchora ni Sharaku, mchoraji wa picha za kuchapwa kwa mbao aliyeibuka mwaka huohuo akatoa picha zaidi ya 140 ndani ya miezi kama 10 halafu kimya, hadi leo watu wanabishana alikuwa nani.

Kabla hujashika kisu nakuomba kitu kimoja tu: usimrembeshe. Wachoraji wengi wa waigizaji waliwapendezesha mastaa maana mashabiki ndo wanunuzi, Sharaku yeye pua aliichora kama ilivyo na taya kama ilivyo, hata wanaume walioigiza wanawake kama Segawa Kikunojo III unaona kabisa huyu ni baba mtu mzima kapaka poda. Sasa ile mikono ya Edobei ni midogo, haiendani na kichwa, na mkono unakuwasha uirekebishe. Iache! Mimi niliwahi kuikuza kidogo, uso wote ukapoa, akawa kama mtu anasubiri daladala.

Hatua ya 1, picha na ubao. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York wameiweka mtandaoni bure, pakua ile kubwa kabisa. Print ya asili ni kama sm 38 kwa 25. Wajapani walitumia mbao za mcheri wa mlimani, ngumu na nyuzi zake zimebanana, mimi natumia plaiwudi yenye uso laini, napiga msasa mpaka kiganja kiteleze. Mbao utahitaji kadhaa, mmoja wa mistari na nyingine za rangi, unaweza kuchonga pande zote mbili ukabana matumizi.

Hatua ya 2, kunakili. Chora mistari yote kwa wino kwenye karatasi nyembamba sana, paka ubao uji mzito wa unga wa mchele, bandika karatasi uso ukiwa CHINI. Narudia, chini. Mara yangu ya kwanza nilichora moja kwa moja juu ya ubao, nikachonga siku nne, kuja kuchapa Edobei anaangalia upande mwingine. Ikishakauka lowesha kidole, sugua mgongo wa karatasi taratibu itoke kama ngozi iliyoungua jua, kisha pitisha mafuta kidogo, mistari itajitokeza.

Hatua ya 3, kuchonga, na hapa ndo usiku wako utaishia. Mstari wenyewe hauchongwi, panachongwa pembeni yake. Kisu kinapita kulia kwa mstari kimelala kidogo, kinarudi kushoto kimelala upande wa pili, ili mstari ubaki kama tuta, juu mwembamba chini mpana, ukiusimamisha wima kama ukuta utavunjika ukianza kusugua. Anza na nguo, mkono ukishazoea nenda kwenye uso, nywele za pembeni ya paji ziwe za mwisho kabisa. Nyusi chonga ukifuata nyuzi za mbao, plaiwudi ina tabia ya kung'oka kipande kizima na nyusi ikitoka hairudi. Sehemu pana ondoa kwa patasi.

Usisahau kento, zile alama mbili za kulengesha karatasi: moja kama herufi L kwenye kona ya chini kulia, nyingine mstari mnyoofu upande huohuo wa chini kuelekea kushoto. Zikikosewa hata milimita moja, wekundu wa nguo utapanda shingoni.

Hatua ya 4, mbao za rangi. Chapa nakala kadhaa za mistari pamoja na kento zake, moja kwa kila rangi, bandika kwenye mbao zilizobaki kama mwanzo halafu bakiza sehemu ya rangi hiyo tu. Rahisi, ila inachosha.

Hatua ya 5, kuchapa. Karatasi iwe na unyevu, sio maji, iliyotengenezwa kwa magome ya mforosadi ndo bora maana ya fotokopi inachanika. Paka rangi kwa brashi, tone la uji wa mchele, changanya hapohapo juu ya ubao, lengesha karatasi kwenye kento, sugua kwa nyuma. Wenyewe wana kifaa kinaitwa baren, kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi, mimi nilianza na mgongo wa mwiko na kazi ilitoka. Anza na wino mweusi wa mistari, kisha rangi nyepesi, nzito zifuate.

Ile sehemu ya kijivu inayometa nyuma ya Edobei ni ulanga, yale madini ya magamba yanayong'aa, umesagwa unga. Kata karatasi ngumu imfunike Edobei mwenyewe, changanya ulanga na gundi, paka kwa brashi pana pale palipobaki wazi. Mara moja tu, ukirudia unapata matope.

Nakala tatu nne za kwanza zitatoka zimepauka, usianze kuchimba ubao upya, mbao bado zinakunywa. Kuanzia ya tano hivi mweusi unakaa, macho yanakaza. Zilaze katikati ya maboksi yaliyokatwa, weka kitu kizito juu, usizianike kwenye kamba zitajikunja.