Pima mlalo wa ngazi kwa mikono yako kabla ya kupanda

Fundi mmoja wa kupaua amenionyesha namna ya kupima mlalo wa ngazi iliyoegemezwa ukutani bila futi wala kifaa chochote, na ningependa kila fundi wa rangi na wa umeme aijue. Simama wima ukiielekea ngazi, vidole vya miguu vikigusa miguu yake, kisha nyoosha mikono mbele kwa usawa wa mabega: viganja vikifika kwenye kipandio bila wewe kuinama wala kukunja viwiko, ngazi imekaa vizuri. Hapo sehemu ya chini huwa mbali na ukuta kwa takriban mita 1 kwa kila mita 4 za kimo, yaani pembe ya nyuzi kama 75. Ikilala zaidi ya hapo, miguu yake husukumwa nje na kuteleza. Ikisimama zaidi, anayepanda huvutwa nyuma na uzito wake mwenyewe, hasa akiwa na ndoo ya rangi mkononi. Kipimo hiki hakitoshi juu ya marumaru yenye maji au sakafu yenye vumbi la saruji, kwa kuwa hapo hata ngazi yenye mlalo sahihi huteleza, hivyo ifungwe juu na chini kwenye kitu imara, au angalau mtu wa pili aishike. Karibu na nyaya za umeme, ngazi ya alumini isitumike kabisa, hata ikiwa imelazwa sawasawa.