Kupima asimetria ya spini katika migongano ya protoni zilizopolarishwa: hatua kwa hatua

Hivi karibuni nilikaa siku tatu na mwanafunzi wa uzamili ambaye asimetria yake, yaani tofauti ya hesabu spini (mzunguko wa asili wa chembe) ikigeuzwa, ilikataa katakata kuwa sifuri pale ilipopaswa kuwa sifuri. Kosa lilikuwa katika hatua ya 3, ndiyo maana nimeieleza kwa urefu kuliko nyingine.

Nguvu kali inayotawala migongano ya protoni haibagui kulia na kushoto; nguvu dhaifu hubagua, kama Chien-Shiung Wu na wenzake walivyoonyesha mwaka 1957 kwa kobalti-60. Kwa hiyo ukigeuza spini ya protoni kutoka mbele (upande protoni inakokwenda) kwenda nyuma, idadi ya jeti, yaani vifurushi vya chembe zinazochomoka pamoja, hubadilika kidogo tu, kwa mchango wa bosoni za W na Z, chembe zinazobeba nguvu dhaifu. Badiliko linaloupita mchango huo, hasa kwenye jeti zinazochomoka kwa nguvu kubwa pembeni mwa mwale, linaweza kuwa alama ya bosoni mpya nzito au ya kwarki (chembe zinazounda protoni) zenye vijenzi ndani yake. Mfano wangu ni RHIC, mashine ya kugonganisha chembe ya Brookhaven, New York, ambayo protoni zake zilizopolarishwa, yaani zilizoelekezwa spini upande mmoja, ziligongana kwa nishati ya hadi GeV (gigaelektronivolti) 510.

Hatua ya 1. Tambua spini ya kila fungu, yaani kila kundi la protoni zinazosafiri pamoja. Kila pete ya RHIC, ya bluu na ya njano, ilikuwa na nafasi 120 za mafungu, na kwa kawaida 9 zilizofuatana ziliachwa tupu. Tafuta pengo hilo katika data yako mwenyewe kabla ya kuamini namba za mafungu ulizopewa, kwa sababu namba zikisogea nafasi moja tu, ishara za spini huvurugika zote.

Hatua ya 2. Hesabu jeti za kila fungu. Ziandike katika jedwali la maandishi matupu, fungu kwa fungu, wala usikimbilie kuchora histogramu. ROOT, programu ya kuchambua data, ni chombo kizuri, lakini histogramu iliyokwisha kujumlishwa huficha fungu moja bovu.

Hatua ya 3. Pima luminositi linganishi, R, yaani uwiano wa migongano iliyotokea spini ikielekea mbele na ile iliyotokea ikielekea nyuma. Mafungu hayana protoni sawa, kwa hiyo R haiwi 1 kamili. Tatizo ni kwamba kihesabio hurekodi "ndiyo" au "hapana" kila mafungu yanapopishana: migongano miwili ikitokea kwa pamoja, huandikwa mmoja. Tuseme kihesabio kilisema "ndiyo" kwa sehemu 0.50 ya mapishano ya spini ya mbele na 0.48 ya yale ya nyuma. Ukigawanya moja kwa moja unapata R ya 1.042. Wastani halisi wa migongano, hata hivyo, ni −ln(1 − p), p ikiwa ndiyo sehemu hiyo ya "ndiyo", yaani 0.693 na 0.654, na R inakuwa 1.060. Kwa upolarishaji (kiwango cha protoni kuelekeza spini upande mmoja) wa 0.55, tofauti hiyo peke yake huzaa asimetria ya uongo ya takriban 0.016, ilhali jeti milioni moja zingekupa kosa la kitakwimu la 0.0018 tu. Kama kihesabio chako kinadai pande zote mbili za kigunduzi ziguswe pamoja, ondoa pia miguso iliyokutana kwa bahati, ambayo unaikadiria kutokana na hesabu za kila upande. Kisha rudia kazi yote kwa kihesabio cha aina nyingine. R mbili zisipopatana, simama hapo hapo, na tofauti yake usiizike ndani ya jedwali la makosa.

Hatua ya 4. Kokotoa asimetria, A = (N₊ − R·N₋) / [P(N₊ + R·N₋)], kwa kila ujazo wa pete, yaani kila mara pete inapojazwa protoni upya; N₊ na N₋ ni idadi ya jeti kwa spini ya mbele na ya nyuma, na P ni upolarishaji. Kosa la P hukuza au hupunguza asimetria iliyopo. Haliwezi kuizusha pasipo kitu.

Hatua ya 5. Wape mafungu ishara za spini za kubahatisha, mara elfu moja, kila mara ukigawa A kwa kosa lake. Mtawanyiko wa majibu usipokuwa karibu na 1, kuna kosa ambalo takwimu zako hazijalihesabu. Linganisha pia jibu la mwale wa bluu na la mwale wa njano, ukigeuza upande wa kigunduzi, kwani kwa protoni mbili zinazofanana lazima yapatane. Baada ya hapo ndipo uweke A kando ya utabiri wa W na Z, ukianzia kwenye jeti zenye nguvu ndogo, ambako mchango mpya unatarajiwa kuwa hafifu, na kupanda hadi zile kubwa.