Kabla hujaikataa mbegu ukidhani ni GMO, soma pakiti

Kwenye maduka ya pembejeo ya Arusha na Moshi kuna swali lisiloisha: "Hii si GMO kweli?" Muuzaji anajibu, "Hapana, ni chotara," na mteja anaondoka na wasiwasi uleule aliokuja nao, kwa sababu kwake maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Tuanzie hapo.

Chotara, yaani F1, ni mtoto wa wazazi wawili wa zao lilelile. Chavua ya nyanya moja inapakwa kwenye ua la nyanya nyingine, kwa mkono, na mbegu inayopatikana ndiyo unayouziwa. Ni sawa na kupandisha ng'ombe wa kienyeji kwa dume la Friesian. GMO ni jambo jingine: jeni inaingizwa kwenye mmea maabara, na mara nyingi imetoka kwa kiumbe wa aina nyingine kabisa. Biringanya za Bangladesh zilizoidhinishwa mwaka 2013 zina jeni ya bakteria inayoua funza wa matunda. Mapapai ya Hawaii ya mwaka 1998 yalipewa kipande cha virusi ili yahimili virusi hivyohivyo.

Tanzania ilifanya jaribio la mahindi ya GMO Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, na mwaka 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame. Mbegu ya GMO ya mboga iliyoruhusiwa kuuzwa nchini haipo. Hata Marekani, wenye bustani za nyumbani waliuziwa kwa mara ya kwanza mbegu ya nyanya ya zambarau ya GMO mwaka 2024. Kwa hiyo pakiti ya nyanya, kabichi au karoti uliyoishika soko la Kilombero (Arusha) au la Mbuyuni (Moshi) ni chotara au ni mbegu ya kawaida ya uchavushaji huria, yaani ambayo ukivuna mbegu zake zinatoa aina ileile. Ubishi unaokuhusu leo ni kati ya hizo mbili.

Kuna alama za uongo ambazo watu huzitumia kutambua GMO. Rangi ya waridi, kijani au bluu kwenye mbegu ni ishara kwamba imepakwa dawa, mara nyingi ya ukungu. Usiilambe, na nawa mikono baada ya kusia. Tikiti lisilo na mbegu ni chotara lenye seti tatu za kromosomu. Nyanya inayokaa wiki mbili bila kulainika ina jeni ya kuchelewesha kuiva iliyojitokeza yenyewe shambani, kisha wazalishaji wakaichagua. Ladha yake inatia huruma, lakini hiyo ni kesi nyingine. Kwa macho huwezi kuitambua GMO, inahitaji kipimo.

Tahadhari ya kweli iko kwenye nafaka. Mahindi ya chakula yaliyotoka nje, au yasiyojulikana yalikotoka, yapike lakini usiyapande. Chavua ya mahindi husafiri kwa upepo mita mia kadhaa, na mahindi ya jirani yako kihambani hayana ukuta.

Sasa pakiti yenyewe. Tafuta jina la aina, si la zao tu: "nyanya" peke yake haitoshi. Tafuta kama kuna F1. Tafuta lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), namba ya loti, tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji. Herufi zinazofuata jina zina maana: V na F kwenye Roma VF ni uhimilivu wa magonjwa mawili ya mnyauko, Verticillium na Fusarium. Pakiti iliyofunguliwa na mbegu kupimwa kwa kizibo cha soda, achana nayo hata kama ni nusu bei. Gramu moja ya nyanya ina mbegu 300 hivi, na bustani ya nyumbani haihitaji miche zaidi ya 40, kwa hiyo hulazimiki kununua kopo.

Uchague ipi? Kama eneo lako ni la joto na nzi weupe ni wengi, mfano Kahe au Nduruma, na rasta, virusi vya kujikunja majani vinavyoenezwa na nzi hao, ilimaliza nyanya msimu uliopita, nunua F1 iliyoandikwa wazi kuwa inahimili virusi hivyo. Bei itakuuma, ila mmea uliojikunja majani ukiwa mchanga haukulipi chochote. Kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, ni suala jingine. Usidanganywe kwamba chotara wa kawaida anamzuia, utahitaji mitego na ukaguzi wa majani. Kwa nyanya za kula nyumbani, Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Tengeru mwaka 1997, zinafaa sana na mbegu zake unaweza kuzivuna mwenyewe. Mnavu, mchicha, ngogwe na loshuu (mboga ya majani ya jamii ya kabichi) usinunue chotara. Aina nzuri za kawaida zipo.

Watu wengi hukwama kwenye kuvuna mbegu za F1. Zinaota vizuri tu, hakuna aliyezihasi. Tatizo ni kwamba kizazi cha pili kinatawanyika. Chukua F1 aliyepata jeni tatu za kuhimili magonjwa, kila moja kutoka kwa mzazi mmoja tu. Ukipanda mbegu zake, kwa kila jeni mche mmoja kati ya minne unaikosa kabisa. Kwa jeni zote tatu, ni miche 27 tu kati ya 64 itakayobaki na kinga yote. Mingine itazaa vitunda vidogo, mingine itachelewa, na wewe utamlaumu muuzaji.

Kwa Tanya au nyanya nyingine ya uchavushaji huria, fanya hivi. Chagua mimea sita hadi kumi yenye afya na ifunge kitambaa mapema, kabla watoto hawajaichuma. Acha matunda ya vichala vya pili na vya tatu yaive hadi yalainike. Kamua mbegu na utelezi wake kwenye kikombe cha plastiki, ongeza maji kidogo kama ni nzito, funika kwa kitambaa, weka kivulini na ukoroge mara mbili kwa siku. Arusha siku mbili hadi tatu zinatosha, Moshi chini huko siku moja na nusu hadi mbili. Utaona utando mweupe juu na harufu ya kuchacha. Shika mbegu kwa vidole, utelezi ukiwa umetoka zinakwaruza. Ukizisahau zinaanza kuota humohumo kikombeni. Jaza maji, mwaga zinazoelea, suuza kwenye chujio, kisha tandaza kwenye sahani au chandarua. Karatasi zinanata. Anika kivulini penye upepo siku tano hadi saba. Usianike juu ya bati: jua la Moshi likilipiga bati saa saba mchana, mbegu zinaiva.

Zikikauka hazigandani. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, chini uweke vijiko viwili vya mchele uliokaangwa ukapoa, tenganisha kwa karatasi. Andika aina na tarehe. Kabla ya msimu, weka mbegu 50 kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki, hesabu siku ya kumi. Zikiota 42, hiyo ni asilimia 84, sia kama kawaida. Zikiota chini ya 30, sia mara mbili. Chini ya 20, tupa.

Nyanya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mita chache kati ya aina na aina zinatosha. Pilipili nayo hujichavusha, lakini nyuki huweza kuichanganya chavua: usivune mbegu za hoho iliyo karibu na pilipili kali, msimu ujao baadhi ya hoho huenda zikakuwasha. Loshuu nayo nyuki huipenda, acha aina moja tu itoe maua. Kabichi haitakupa mbegu kwenye joto la tambarare, na mbegu za kitunguu huchakaa ndani ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo hizo mbili nunua mpya kila msimu.